Kisu cha kale chini ya hadubini: weupe mtupu una maana gani?

Swali: Tuna kipande cha kisu kilichofukuliwa kwenye makazi ya kale mkoani Kagera. Nimekikata, nikakisugua kwa msasa hadi namba 1200, kisha nikakipaka nitali (asidi ya nitriki ndani ya ethanoli, ya kuonyesha muundo wa chuma) ya asilimia 2 kwa sekunde 5. Kwenye hadubini naona weupe mtupu wenye madoa meusi marefu. Je, ni chuma kisicho na kaboni? Na nitajuaje kama kiliyeyushwa kwenye tanuri la jadi?

Jibu: Weupe huo usiuamini bado. Msasa wa 1200 haujang'arisha chuma. Endelea kwa unga wa almasi wa mikroni 6, kisha 3, umalizie na 1, ukiosha sampuli kwa ethanoli kila unapobadili kitambaa. Chembe moja ya mikroni 6 ikihamia kwenye kitambaa cha mwisho itakukwaruzia kazi yote. Hata hapo juu ya uso hubaki utando mwembamba wa chuma kilichoburuzwa, nao ndio unaoficha muundo. Paka nitali sekunde 5 hadi 10, ng'arisha kidogo, paka tena, mara 2 au 3. Kausha kwa hewa ya moto, maana maji yaliyojificha kwenye vitundu vya kutu hutoka baadaye na kuacha madoa ya kahawia. Unapotengeneza nitali, mimina asidi ya nitriki ndani ya ethanoli, ml 2 kwa 98, wala si kinyume chake.

Ikionekana mipaka ya punje nyeupe tu, hiyo ni feraiti, chuma laini. Sehemu za kijivu zenye mistari myembamba ni pelaiti, yaani feraiti iliyopishana na sementaiti (mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni): ikijaza nusu ya eneo, kaboni ni kama asilimia 0.4; ikijaza eneo lote, 0.8. Hesabu hiyo inafaa tu kwa chuma kilichopoa polepole. Ukikuta sindano za matensaiti, muundo mgumu wa chuma kilichopozwa ghafla, mhunzi alikizima kwenye maji kingali chekundu. Hakikisha kwa kipimo cha ugumu cha Vickers: feraiti safi huwa karibu na 100, matensaiti hupita 500. Feraiti yenye 150 hadi 200 inaashiria fosforasi.

Lakini ulikata wapi, na kwa kifaa gani? Kipande kinapaswa kuanzia kwenye makali kuelekea mgongoni. Kisu kilichotiwa kaboni juu juu hupoteza tabaka hilo kwanza kutu inapokila, kisha mchunguzi anaandika “chuma laini” kumbe anatazama kiini tu. Chunguza na kutu yenyewe. Mara nyingine mistari ya sementaiti husalia humo. Na kama ulitumia grainda kavu, joto lake huenda limeshabadilisha muundo karibu na mkato: sugua sehemu hiyo iishe, na safari nyingine tumia msumeno wa almasi wa mwendo mdogo unaopozwa kwa maji.

Kuhusu tanuri, chuma chenyewe hakikuyeyuka humo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, na tanuri la jadi kwa kawaida huishia 1200 hadi 1300. Kilichotiririka ni mavi ya chuma, yaani taka za madini zilizoyeyuka. Madoa yako marefu yanaelekea kuwa mabaki yake, yaliyonyooshwa na nyundo. Yatazame kabla ya nitali.

Usikimbilie kusema kisu ni cha Wahaya, wenyeji wa Kagera, hata hivyo. Chuma cha Ulaya kilichokorogwa tanurini kwa njia ya Henry Cort, ya mwaka 1784, nacho kina mavi ndani. Chuma kisicho na mavi, chenye chembe za kijivu za salfidi ya manganizi, hicho ni cha viwanda vya baadaye. Ili kukihusisha na tanuri fulani, pima mabaki hayo kwa hadubini ya elektroni. Silika, alumina, magnesia, chokaa na potasi karibu zote huishia kwenye mavi, kwa hiyo linganisha uwiano wake, mfano magnesia kwa alumina, na mavi yaliyookotwa kwenye tanuri lenyewe. Pima mabaki mengi, uyatenge yenye silika nyingi kupita kiasi: huenda ni mchanga alioumwaga mhunzi alipokuwa akiunga vipande.