Pilipili kwenye nchi ya baridi: pigania muda

Mpilipili ukidumaa kwenye nchi ya baridi, wengi hulaumu jua. Mimi nalaumu kalenda. Kutoka mbegu hadi tunda kuiva inaweza kufika miezi mitano au zaidi, na kiangazi cha huko hakisubiri mtu. Kwa hiyo sia mbegu ndani ya nyumba, wiki 8 hadi 10 kabla ya jalidi ya mwisho, yaani baridi ya usiku inayogandisha maji na kuua mimea. Pilipili mbuzi ianze mapema zaidi, maana ni mvivu kuota na mvivu kuiva. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, achana nayo. Anza na aina zinazoiva mapema zaidi, kama jalapeño au cayenne.

Mbegu inataka joto kuliko inavyotaka mwanga: udongo wenye nyuzi joto 25 hadi 30. Kizingiti cha dirisha, ambako watu hupenda kuweka trei, usiku hupoa sana. Weka trei juu ya jokofu kama pana joto, au tumia mkeka wa umeme wa kupashia miche. Udongo uwe na unyevu tu, usitote. Na tafadhali usifukue mbegu kuangalia kama imeota. Mbegu nyingine hukaa mwezi mzima.

Zikichomoza, mambo yanageuka: sasa ni mwanga. Miche myembamba iliyorefuka inatafuta jua. Taa ya LED iliyo karibu, saa 14 hadi 16 kwa siku, huikomaza vizuri.

Miche yangu huishia kwenye vyungu. Chungu cheusi hufyonza jua na kupasha mizizi joto, na usiku wa baridi ukija unakibeba ndani. Kabla ya kuitoa moja kwa moja, izoeshe nje kidogo kidogo kwa wiki moja hivi, ukianzia kivulini. Maua yakipukutika, angalia kipimajoto kabla ya kukimbilia mbolea: usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, mpilipili huacha maua yake. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa kichaka kizuri kisicho na pilipili. Mmea ukiwa ndani, ambako nyuki hawafiki, tikisa matawi polepole maua yanapofunguka.

Lakini njia kubwa ya kuokoa muda ni kutoung'oa. Mpilipili huishi miaka kadhaa. Kinachouua ni jalidi. Kabla haijaanguka, pogoa matawi ubakize shina na vipande vifupi vichache vya matawi, osha wadudu wadogo waitwao vidukari kwa maji yenye sabuni kidogo (wakiingia nao ndani, utawalisha kipindi chote cha baridi), kisha uweke penye mwanga na nyuzi 10 hadi 15. Maji kidogo sana, mbolea hapana. Majani yatapukutika. Ukiwa na wasiwasi, kwarua gome kwa ukucha: chini pakiwa kijani, mmea u hai. Siku zikianza kurefuka uongezee udongo mpya, joto na maji. Mmea huo utachanua wakati miche ya mwaka huo ingali midogo.