Mwandishi wa mkoani, makala yako imeanzia kwenye habari ya leo

Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa stori iliyotoka huwa mbioni: picha za mkutano, maneno mawili ya mkuu wa wilaya, anatuma, anaondoka. Anachoacha nyuma ndicho makala ya video ya dakika 20.

Chukua dagaa wa Ziwa Victoria. Habari ya bei inatosha na picha za mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi, ila makala inataka usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Basi angalia mwezi kabla ya kutafuta nauli. Mchana wake ripoti kwa mtendaji wa kijiji na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni) ukiwa na kitambulisho, na usipande mtumbwi bila jaketi la kuokolea.

Kinachoangusha makala nyingi ni sauti. Picha yenye giza mtazamaji ataivumilia, mngurumo wa injini juu ya maneno hapana. Bana maiki kifuani mwa unayemhoji, shibiri moja chini ya kidevu, uivike manyoya ya kuzuia upepo. Vaa hedifoni. Kwenye kipimo cha sauti cha kamera, sauti icheze kwenye desibeli -12, isiguse sifuri, maana ikishapasuka haitengenezeki. Injini ikiwaka, acha kuhoji. Rekodi mlio wake peke yake dakika nzima, utauhitaji wakati wa kuhariri. Na mwombe unayemhoji aanze jibu kwa kurudia swali, la sivyo utarudi na "ndiyo, mara mbili" isiyojulikana ni mara mbili za nini.

Picha zipige kwa fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, ili taa za umeme zisipepese. Shikilia kila picha sekunde 10: mikono ikianika dagaa, uso, kisha mwalo mzima.

Mvuvi akikuonyesha nyavu haramu, kuficha uso hakutoshi. Namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa mtumbwi itamfikisha polisi, na sauti yake majirani wanaijua. Hilo mlimalize kabla kamera haijawaka.

Usiku uleule weka nakala kwenye diski mbili, fungua faili kadhaa uone zinacheza, ndipo ufute kadi.

Halafu mkataba. Kituo cha televisheni kikinunua stori, picha ghafi ni za nani? Ukinyamaza, kazi ya mwaka mzima inaweza kuhaririwa na mwingine. Pata jibu kwa maandishi, hata kwa baruapepe ya mistari miwili, kabla hujatuma picha ya kwanza.