Maswali yenu kuhusu zabibu ya Thompson isiyo na mbegu

Mzabibu wangu una miaka minne, majani tele, vichala hakuna. Kila msimu napogoa nikiacha macho mawili (vivimbe vinavyochipua) kwa kila tawi, kama jirani yangu mwenye zabibu za mvinyo.

Tatizo ni huko kupogoa. Zabibu nyingi huzaa hata kwenye macho ya chini ya tawi, lakini kwa Thompson hayo ya chini karibu yote ni tasa, na wewe ndiyo unayoyabakiza. Chagua matawi manne hadi sita ya msimu uliopita, yaliyogeuka kahawia na kupata jua vizuri, maana jicho lililokaa kivulini halitungi kichala. Acha kila moja na macho 10 hadi 15, ulilaze na kulifunga kwenye waya. Karibu na shina bakiza vijiti vifupi vya macho mawili. Hivyo si vya kuzaa, vitakupa matawi ya msimu ujao. Tafadhali usikate kwa kumwiga jirani kabla hujajua aina yako.

Kama haina mbegu, inapandwaje?

Kwa pingili. William Thompson wa California naye aliipata hivyo mwaka 1872, kwa vipande vya matawi kutoka kitalu cha New York. Aina yenyewe ni kongwe zaidi: ni Sultanina, ya Uturuki na Uajemi. Pasua punje moja utaona chembe laini. Ni mbegu iliyoanza kuumbika ikafa ikiwa changa.

Mbona za supamaketi ni kubwa kuliko zangu?

Kwa asili punje zake ni ndogo. Wakulima wakubwa hunyunyizia homoni ya jibereli na kuvua pete nyembamba ya gome. Wewe anza na mkasi: maua yakishapukutika, kata ncha ya kichala na vitawi kadhaa vya pembeni, zinazobaki zitanenepa. Jibereli bila vipimo vya bwana shamba sikushauri kabisa.

Punje zina unga mweupe.

Ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Punguza majani hewa ipite, kisha piga salfa asubuhi mapema, jua lisiwe kali, la sivyo itaunguza majani.

Nikizichuma mbichi zitaivia ndani?

Haziivi zikishachumwa. Subiri kijani kielekee manjano, kisha onja punje ya ncha ya kichala. Hiyo ndiyo hukolea sukari mwisho.