Kikohozi kisichoisha na TB hakuna: mwangalieni na tumbo

Dada yangu, pole sana. Umeandika kwamba baba watoto ana mwezi wa tano anakohoa kikohozi kikavu, ana presha, amepimwa TB mara mbili hana, na usiku ndiyo hamlali kabisa. Wengi wamekwambia tangawizi na malimau, na wawili wakataja macho ya watu. Mimi nimepita njia hiyohiyo, acha nikueleze ilivyokuwa.

Ni fundi cherehani, niko Tanga mjini. Kikohozi kilinianza Novemba 2023 na mafua ya kawaida. Mafua yakaisha, chenyewe kikabaki. Nikapima makohozi, nikapiga picha ya kifua, vyote safi. Hapa nisisitize kwa wengine wanaosoma: kikohozi kikifika wiki 2, cha kwanza ni kupima TB, na vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Msiruke hatua hiyo kwa sababu ya haya yangu. Baada ya hapo nikameza antibayotiki za aina tatu kwa zamu, na dawa za maji za kifua chupa hata idadi sikumbuki. Mke wangu kila usiku alinichemshia tangawizi, akakamulia malimau mawili, nikanywa kikombe kizima kisha nikajilaza. Usiku huohuo nakohoa mpaka natapika. Nami nikamwambia kesho azidishe limau.

Ramadhani ya 2024 ndiyo iliyonifumbua macho. Futari yetu inajulikana: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, maharage, bajia, kaimati, na juisi ya machungwa ya Muheza. Nafuturu nikashiba hasa, kisha naenda tarawehe. Nikisimama, sikohoi. Nikirukuu, koo linaanza kuwasha. Nikishusha paji la uso kwenye mkeka, kikohozi hicho hapo, tasbihi hata moja siimalizi. Nikiinuka, kinatulia. Rakaa baada ya rakaa ni hivyohivyo, mpaka nikawa nasali safu ya nyuma karibu na mlango nisiwaharibie wenzangu ibada. Jambo hilo liliniuma sana. Asubuhi naamka sauti imekwaruza na mdomo mchachu. Kiungulia sikuwa nacho hata siku moja, ndiyo maana tumbo halikunijia akilini.

Baada ya Idi nikaenda kwa daktari mwingine, nikamweleza habari ya sujudu. Waliotangulia niliwaambia "nakohoa" tu, wakasikiliza kifua tu. Huyu aliuliza: unakula saa ngapi, unalala saa ngapi, ukiinama inakuwaje, ukiongea sana je? Nikakumbuka kwamba hata kwenye cherehani, nikishatoka kula mchana na kuinamia kitambaa, huwa nakohoa.

Akanieleza, na mimi nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu. Chini ya koo la chakula, linapoingia tumboni, kuna msuli unaobana kama lastiki ya kiunoni. Ukilegea, tindikali ya tumbo inapanda, hasa tumbo likiwa limejaa au mtu akiwa amelala au ameinama. Pengine inafika kooni na kuchoma njia ya hewa. Pengine haifiki mbali hivyo, lakini koo la chakula na njia ya hewa vinahudumiwa na neva moja, kwa hiyo kuguswa huku chini kunaamsha kikohozi kule juu. Na limau ni tindikali vilevile. Nilikuwa naongeza palepale panapoungua.

Alinipa omeprazoli, kidonge nusu saa kabla ya kula. Mwanzoni nilikuwa nameza baada ya kula, nikapoteza wiki mbili bure. Lakini alilonisisitizia zaidi ni kwamba dawa inapunguza ukali wa tindikali tu, mlango haiuzibi, na kwa asiye na kiungulia kama mimi vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Kazi kubwa iko kwenye chakula cha usiku. Nikawa nakula saa kumi na mbili na nusu, kidogo, na silali mpaka zipite saa tatu tangu nile. Kahawa ya barazani usiku nikaiacha, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote, maana kahawa ile ni watu. Kitanda nikakiinua upande wa kichwa kwa matofali ya inchi 6 yaliyolazwa, moja kila mguu. Usimrundikie mito, mito inakunja tumbo na kulibana. Akaniambia pia nilalie ubavu wa kushoto. Hilo lilinitia mashaka, maana tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kulalia wa kulia. Nikamuuliza shehe wetu, akasema mgonjwa ana udhuru wake.

Usitegemee nafuu ya haraka. Wiki ya kwanza mpaka ya tano sikuona kitu, nikakaribia kukata tamaa. Wiki ya sita mke wangu ndiye aliyeniambia, "Jana hukuniamsha." Mwezi wa tatu nikarudi safu ya mbele.

Ila akiwa anapungua mwili, anatoa damu, chakula kinamkwama akimeza, choo kimekuwa cheusi au anatoka jasho la usiku, usijaribu haya ya nyumbani. Mpeleke hospitali haraka.

Na hiyo presha uliyoitaja, usiipite. Zipo dawa za presha ambazo zenyewe huleta kikohozi kikavu cha namna hiyohiyo: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, zile ambazo majina yanaishia hivyo. Ikiwa ndiyo anayomeza, matofali na kula mapema usiku havitamsaidia kitu, anahitaji kubadilishiwa na daktari. Usimwachishe wewe, presha ikipanda ni hatari kuliko kikohozi. Angalia pakiti yake leo, uniandikie hapa jina lake na alianza lini.