Re: Pweza ana akili kweli ama ni stori?

Ndugu, umeuliza kama pweza anahisi kitu ama ni stori za watu wa vitabu. Mimi ni wa Kisumu, huku ni mbuta na omena, pweza nilimpata Mombasa tu tena kwa supu, lakini tangu nianze kusoma hizi mambo hiyo supu imenishinda. Huyo jamaa ana seli za neva karibu milioni 500 na nyingi ziko kwa mikono si kichwani, yaani mkono unaonja na kujiamulia vitu vingine wenyewe!! Na babu wa pamoja wa sisi watu na pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, pengine kadude kama mnyoo, kwa hivyo akili ya pweza ilijijenga kivyake kabisa. Uingereza wamemweka kwa sheria ya wanyama wenye hisia ya 2022, pamoja na kaa. Kujitambua kama mtu sisemi, ila maumivu naamini anasikia.