Kutengeneza H4Ru4(CO)12: usiiamini rangi ya njano

Kwenye karatasi, klasta za kabonili zenye hidridi (molekuli zenye atomi kadhaa za metali zilizoungana, zilizobeba CO na hidrojeni) ni kazi nyepesi: chukua kabonili ya metali, ipitishie hidrojeni ya moto, subiri. Ugumu uko pawili, kujua wakati wa kuacha kupasha na kuthibitisha kwamba hidrojeni imeingia kweli. H4Ru4(CO)12, klasta ya rutheni (Ru), ndiyo nzuri ya kujifunzia, kwa sababu inavumilia hewa ikiwa kavu na mmenyuko wake ni safi:

4 Ru3(CO)12 + 6 H2 → 3 H4Ru4(CO)12 + 12 CO

Tia miligramu 500 za Ru3(CO)12 (milimoli 0.78) kwenye chupa ya shingo tatu pamoja na mililita 100 za oktani. Fungia kipoza cha maji, na bomba la gesi lizame hadi karibu na kitako cha chupa. Kila kitu kiwe ndani ya kabati la kufyonza gesi, kigunduzi cha CO (kabonimonoksidi, gesi ya sumu) kikiwa kimewashwa. Pitisha nitrojeni dakika 15 kuondoa oksijeni, badilisha kwa hidrojeni, kisha pasha kwa koti la umeme mpaka oktani ichemke, nyuzi 125 hivi. Mwali wa moto usikaribie. Saa moja kwa kawaida hutosha.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukipiga hesabu, hidrojeni inayoliwa haizidi mililita 30 kwa joto la chumba, basi mtu anafunga chupa na kuweka puto la hidrojeni juu ili asipoteze gesi. Lakini mmenyuko huohuo unatoa takriban mililita 57 za CO. CO hiyo ikikosa pa kutokea, huvuta mambo kurudi yalikotoka na kazi inakwama nusu njia. Kazi ya kwanza ya mkondo wa hidrojeni ni kufukuza CO, kulisha klasta ni ya pili. Acha mapovu yapite mfululizo, gesi itoke juu ya kipoza kupitia chupa ndogo ya mafuta, na ongeza oktani ikipungua.

Rangi itatoka chungwa hadi njano. Usiache kwa sababu hiyo peke yake: Ru3(CO)12 iliyobaki kidogo nayo ni njano ikiwa nyepesi. Vuta tone, lipoze, lipunguze kwa heksani, pima infraredi. Ru3(CO)12 ina mistari ya 2061, 2031 na 2011 cm⁻¹. Klasta mpya ina 2081, 2067, 2030, 2024 na 2009. Mistari ya chini hupandana, kwa hiyo isikushughulishe. Tazama 2081, ambao malighafi haina, na bega (kinundu kidogo) la 2061 ubavuni mwa 2067. Bega likiwapo, endelea kupasha. Pima kwa uwezo wa kutenganisha wa 1 au 2 cm⁻¹, na si ndani ya diklorometani, kwani humo mistari hunenepa na bega linapotea.

Ikiisha, rudisha nitrojeni, chuja ikiwa bado na joto kama kuna unga mweusi (ni klasta iliyovunjika kwa joto kali la upande mmoja), punguza oktani, poza. Kiwango cha juu kabisa kinachowezekana ni miligramu 437. Mizani ikisema zaidi, umepima oktani au malighafi. Masalio ya rutheni yatunzwe kwenye chupa yake. Ni metali adimu mno kumwagwa.

Kisha NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni). Hidridi hutokea karibu na −17.8 ppm ndani ya kloroformu yenye deuteri, mbali nje ya dirisha la kawaida la mashine. Fungua dirisha hadi −25, la sivyo utatangaza kwamba hakuna kitu. Mstari ni mmoja tu, kwa kuwa hidridi nne hubadilishana nafasi upesi.

Mstari huo haukuambii hidridi zimekaa wapi. Eksirei nazo husaidia kwa mbali: elektroni moja ya hidrojeni humezwa na 44 za rutheni iliyo jirani. Nyutroni huiona vizuri, ila zinataka fuwele kubwa. Kwa fuwele ya kawaida, soma alama za pembeni. Elektroni za valensi ni 60, hesabu ya tetrahedroni kamili yenye kingo sita, kila ukingo ukiwa kati ya atomi mbili za rutheni. Kingo nne ni ndefu, kama Å (angstromu) 2.95, na mbili ni fupi, kama Å 2.79. Ndefu ndizo zilizobeba hidridi, na CO zilizo jirani nazo zimejipinda kando kuzipisha hidridi.

Lakini usiikariri kanuni ya “hidridi hurefusha ukingo” bila kuhesabu elektroni. Os3(CO)12, kabonili ya osmi, ikipitishiwa hidrojeni ndani ya oktani inayochemka hutoa H2Os3(CO)10, yenye elektroni 46 badala ya 48 za pembetatu kamili. Hidridi zake mbili ziko kwenye ukingo mmoja, nao ni mfupi, Å 2.68 dhidi ya takriban 2.81 za kingo nyingine, kwa sababu ya upungufu huo wa elektroni. Hapa rangi husema kweli: zambarau. Upungufu huohuo huifanya idake fosfini (misombo ya fosforasi) au CO mara moja na kugeuka njano. Zambarau ikififia ndani ya mrija wa NMR, kagua usafi wa mrija na kiyeyusho kabla ya kurudia usanisi.