GTX 1650 au RX 6400? Fungua kwanza kasha la kompyuta yako

Juzi kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nina Dell OptiPlex ndogo, nimejichangachanga nimepata hela ya kadi moja. Duka moja wana GTX 1650 ya mtumba, jingine wana RX 6400 mpya kwenye boksi lake. Bei zinakaribiana. Nataka kuhariri video na kucheza gemu kidogo. Nichukue ipi?" Hizo mbili ni kadi za grafiki, yaani kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora picha na video: GTX ni ya NVIDIA, RX ni ya AMD. Nilimjibu palepale achukue 1650. Baadaye nikaona si haki kumpa jibu la mstari mmoja mtu aliyeidunduliza hela yake kwa shida, na najua wengi mnaopita hapa mko kwenye safari ileile: mnataka kompyuta ya kazi, mnataka kuanza na kidogo mlichonacho, na hamna nafasi ya kununua kitu mara mbili.

Mimi ni mtu wa video za sherehe. Sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, vyote napiga na kuhariri mwenyewe. Mashine yangu ni OptiPlex 7050 ile nyembamba, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha saba, niliyoitoa Kariakoo ikiwa bado na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya ubavuni. Sijakibandua mpaka leo. Kompyuta za namna hii ndizo zilizowafungulia njia vijana wengi wa kazi hii, na sioni aibu kuisema, kwa sababu hii yangu imeshalipa kodi, imenunua kamera ya pili, na mwezi uliopita imenipa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Ila zina masharti yake, na asiyeyajua atapoteza hela.

Kasha ni jembamba, hivyo kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata ukiilazimisha. Pawasaplai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani) ya 7050 ndogo ni ya wati 180, na haina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi. Maana yake kadi lazima iwe ya kimo kifupi na ijitosheleze kwa umeme wa sloti, pale inapochomekwa kwenye ubao mama, peke yake, ambao kwa kanuni za PCIe (mfumo unaoiunganisha kadi na ubao mama) ni wati 75, basi. Ukishayaweka masharti hayo, kadi za bei ya chini zenye maana zinabaki chache sana: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya 2019 na RX 6400 ya 2022. Ya kwanza sishauri tena mtu aichukue. NVIDIA imeshaacha kuitengenezea draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za gemu tangu Oktoba 2025, kilichobaki ni viraka vya usalama tu. Zinabaki mbili.

Kwenye karatasi zinafanana mpaka zinachanganya. Zote zina memori ya GB 4. GTX 1650 ilitoka kwa dola 149, RX 6400 kwa dola 159. RX ni mpya zaidi, imetengenezwa kwa teknolojia ndogo zaidi, ya nanomita 6, inakula wati 53 wakati mwenzake anafika 75, na kwa sisi tunaonunua umeme wa LUKU na kukaa kwenye joto la Dar, hilo si jambo la kudharau. Muuzaji akikuonyesha boksi, atakuambia hii ni ya 2022, ile ni ya 2019, kwa nini uchukue ya zamani? Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikachukua 1650.

Nilipoweka picha ya ile kadi kwenye kundi letu la wahariri wa video, nilichekwa. Mmoja aliandika kwamba nimenunua kadi ya kizamani kwa ushamba. Wengine wakaweka vicheko. Huyo aliyeandika nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kukata video, bure, akija kwangu jioni baada ya kazi yake, na chai nampa. Siandiki hili kumsema. Naandika kwa sababu liliniuma, na kwa sababu nilikuwa nimekaa usiku kucha nikisoma kabla sijatoa hela yangu, wakati wao walisoma mwaka ulioandikwa kwenye boksi.

Nilichokisoma ni hiki. Kadi na ubao mama huongea kupitia njia za PCIe. GTX 1650 inatumia njia 16. RX 6400 inatumia njia 4 tu, hata kama kiguu chake ni kirefu na kinajaza sloti nzima. AMD waliipa njia hizo nne wakitegemea zitakuwa za PCIe 4.0, ambazo ni za kasi, karibu GB 8 kwa sekunde. Lakini OptiPlex yangu, na yako wewe kijana wa Morogoro, na karibu kila Dell na HP ya ofisini ya kizazi cha nne mpaka cha tisa inayouzwa mtaani, hazivuki PCIe 3.0. Hapo kasi inashuka mpaka nusu, karibu GB 4 kwa sekunde, wakati 1650 kwenye sloti ileile inapata karibu GB 16. Gemu au video ikitosha ndani ya GB 4 za kadi, hutaona tofauti kubwa. Ikizidi kidogo, data inaanza kwenda na kurudi kwenye RAM ya kompyuta, na hapo ni sawa na kutaka kujaza tangi kwa mrija wa soda.

La pili ndilo kubwa zaidi kwa watu wa video. RX 6400 haina kifaa cha kutengeneza video. Inaweza kukuonyesha video za H.264 na HEVC, mifumo inayotumika sana kubana video, lakini kuzitengeneza haiwezi, sehemu hiyo haimo kabisa kwenye chipu. GTX 1650 inayo. Mtu anayerekodi skrini kwa programu ya OBS au kurenda (kutoa video iliyokamilika baada ya kuhariri) harusi ya saa mbili na nusu anaijua thamani yake.

Zikapita siku, yule yule ndugu yangu aliyeandika habari ya ushamba akanunua RX 6400. Akaja nayo kwangu, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa inakwama na hakuwa na mtu mwingine wa kumfungulia. Nilimkaribisha. Tukaijaribu kwenye mashine yangu, kadi moja ikitoka nyingine ikiingia, diski ileile, RAM ileile. Kwenye gemu la GTA V tukiweka mipangilio ya kati, zote mbili zilikwenda vizuri, na niseme ukweli, ile RX ilikuwa kimya na ya baridi kuliko yangu. Tulipopandisha ubora wa picha mpaka memori ikajaa, ukiendesha gari kwa kasi mjini RX ilikuwa inashtuka: picha inasimama, inaruka, inasimama tena. Yangu ilishuka mwendo lakini haikukatika. Tukafungua Premiere, programu ya kuhariri video, na mradi wa sendofu niliokuwa naumalizia. Na RX, chaguo la kurenda kwa nguvu ya kadi lilikuwa limefifia, halibonyezeki. Kazi yote ikaangukia prosesa, viini vyake vyote vinne vikagonga asilimia mia, feni ikaanza kulia. Alikaa kimya akiangalia ule mstari wa maendeleo unavyotambaa.

Sikumwacha hivyo. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina grafiki yake ya ndani, na ndani ya hiyo kuna Quick Sync, kifaa cha kutengeneza video ambacho watu wengi wanacho na hawajui. Tatizo ni kwamba ukichomeka kadi, Dell nyingi huizima ile ya ndani. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza F2 mashine inapowaka, nenda sehemu ya video, washa Multi-Display, kisha weka draiva ya Intel. Nilimfanyia hivyo kwenye mashine yake, chaguo likarudi, akarenda. Prosesa ya kizazi cha sita na kuendelea inatengeneza hata HEVC, ya nne inaishia H.264. Kwa hiyo ukishanunua RX 6400, usiiuze kwa hasira, fanya hivyo kwanza. Kwenye kundi hakusema lolote kuhusu siku ile. Hata neno moja la asante hakuandika.

Vijana, acheni kununua mwaka. Acheni kununua boksi. Mnajinyima chakula cha mchana miezi, halafu siku ya kulipa mnamkabidhi muuzaji uamuzi wote, naye ana mzigo anaotaka utoke. Kadi haifanyi kazi peke yake angani. Inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, kwenye sloti yako, kwa pawasaplai yako. Anza na hiyo.

Na ndiyo maana siwezi kusema RX 6400 ni mbaya. Kuna mashine inazozifaa. Kama umeunda kompyuta mpya yenye Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, au ubao mama wa B550 wenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, una PCIe 4.0 na RX inakwenda bega kwa bega na 1650, mahali pengine inaipita. Ila angalia: Ryzen 5 5500 na 5600G, ambazo watu wanazipenda kwa bei, zinaishia PCIe 3.0 hata ukiziweka kwenye B550. Kuna na suala la unene. GTX 1650 fupi karibu zote zinakula nafasi ya sloti mbili, RX 6400 fupi ziko nyingi za sloti moja. Baadhi ya OptiPlex za kizazi cha nne zina sloti ya njia 16 iliyobanwa na pawasaplai, kadi nene haikai. Mwenye mashine hiyo, RX ndiyo yake, na Quick Sync imsaidie kurenda.

Kwa mliobaki, mnaokwenda kutafuta 1650 fupi ya mtumba, angalieni haya kwa macho yenu wenyewe. Kibati cha nyuma kiwe kile kifupi. Kadi mpya huja na vibati viwili, mnunuzi wa kwanza akatumia kimoja na kingine kikapotea, na bila kibati kifupi kadi inaning'inia kwenye sloti, kila ukichomeka HDMI inacheza. Angalia ukingo wa juu kama kuna tundu la pini sita. Likiwepo, iache, kompyuta yako haina waya huo. Uliza kama memori ni GDDR5 au GDDR6, kwa sababu 1650 ziko za aina zote mbili: ya kwanza inapitisha GB 128 kwa sekunde, ya pili GB 192. Zikiwa bei moja, chukua GDDR6 bila kufikiri mara mbili.

Ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti au 1650, shuku. Chipu hizo hazitoi VGA zenyewe, na kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa jina ndani ya BIOS yake zikauzwa kama mpya. Kama monita yako ni ya VGA, na nyingi za mtumba ndivyo zilivyo, nunua adapta ya kutoka HDMI siku hiyohiyo, usije ukafika nyumbani ukakosa pa kuchomeka. Na uende dukani na GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ndogo ya bure, haihitaji hata kusakinishwa, na kadi nyingi za NVIDIA za kughushi inazitambua na kuandika wazi kwamba ni feki. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye kompyuta ya pale dukani, uifungue mbele yake, usome jina, aina ya memori na ukubwa wake kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji mwenye mali halali atakubali. Akikataa, mwachie kadi yake, maduka ya Kariakoo ni mengi.